Mkwaruzo

Mtangazaji alikuwa amekirudisha kiboksi cha kiunoni mara ya tatu, na lalamiko halikubadilika: akizungusha voliumu, sikioni kunakwaruza kama mtu anayekanyaga kokoto. Mara mbili za kwanza kijana wa zamu alikifungua, akapuliza dawa ya kusafishia, akakifunga. Safari hii mzee wa mitambo alikichukua mwenyewe. Mimi nilikuwa nimefika studio kwa shughuli nyingine kabisa, nikavuta kigoda.

Watu wa utangazaji wanauita mtambo wa kiboksi hicho IFB. Kwa njia yake mtangazaji aliye hewani husikia kipindi muda wote katika kisikizi chake. Mwongozaji akibonyeza kitufe kule chumba cha mitambo, kipindi kinashushwa au kukatwa, na sauti yake inaingia: mgeni hajafika, ruka habari ya tatu. Akiachia kitufe, kipindi kinarudi. Mtazamaji nyumbani hana habari.

Ufundi uliomo ni mdogo kwa umbo, nami sichoki kuutazama. Chukua mifumo ya RTS ya mfululizo wa 4000, ambayo imeenea sana. Kebo yake ni ile ile ya maikrofoni, yenye pini tatu. Pini ya 1 ni ya pamoja, na ya 3 hubeba kipindi kisichokatizwa. Pini ya 2 ndiyo yenye maajabu, kwa sababu hubeba sauti inayoweza kukatizwa pamoja na umeme wa mkondo mnyoofu, volti 30 hivi, unaoendesha kiboksi. Betri haihitajiki. Umeme ni kina cha maji na sauti ni viwimbi vya juu yake. Huku kwenye kiboksi kapasita ndiyo inayovitenga: kina inakizuia, viwimbi inavipitisha.

Upande wa pili kazi ni ngumu zaidi. Kifaa cha kutoa umeme kimejaa kapasita kubwa zilizowekwa makusudi zimeze kila mtikisiko, na sauti nayo ni mtikisiko. Ukiiunganisha laini hapo hivi hivi, mwongozaji atapiga kelele mpaka akauke koo na hatasikika. Kwa hiyo lazima pawe na kitu katikati kinachouachia umeme upite huku kikiigomea sauti isirudi nyuma. Wengine hutumia koili, wengine transista inayojifanya koili. Hiyo ya pili ndiyo inayonifurahisha: kidude kisichozidi punje ya hindi kinaigiza donge zima la waya wa shaba.

“Mzee, si ubadilishe voliumu tu?” niliuliza.

“Tulia kwanza, mwanangu. Voliumu imesingiziwa.”

Alichomeka kiboksi kwenye laini isiyo na sauti yoyote, akavaa kisikizi, akafumba macho. Mngurumo mzito ungemwambia hezi 50, umeme wa ukutani unaopenya kwenye kebo yenye ngao iliyokatika au ethi iliyounganishwa mara mbili. Mzizimo mkali zaidi wa hezi 100 ungempeleka kwenye kapasita zilizochoka za kifaa cha umeme. Sauti nyembamba, kama inayotoka ndani ya kopo, ingekuwa ya kapasita ya njiani iliyokauka. Hakusikia hata kimoja. Akagusa voliumu: kokoto.

Kisha akaweka mita kati ya miguu miwili ya voliumu. Pale palipaswa kuwa sifuri. Mita ilisoma volti 1 na ushee, ikipanda taratibu.

Kapasita iliyo kabla ya voliumu ilikuwa imezeeka na inavujisha. Umeme uliotakiwa kubaki nyuma yake ulikuwa umevuka na kutuama juu ya njia ya kaboni, na kila kijiti cha voliumu kilipopita kwenye kijishimo, volti ziliruka na kikuza sauti kikaukuza mruko huo. Ile dawa iliondoa vumbi likatoa nafuu ya siku chache, lakini umeme hauondoki kwa kupulizwa. Akaiyeyusha risasi, akaing'oa kapasita, akaweka mpya, akahakikisha mara mbili mguu wa chanya umeelekea kwenye volti. Mita ikashuka hadi sifuri.

Nilimuuliza ni tatizo gani linalomsumbua zaidi. Akasema lile ambalo halimo kwenye kiboksi. Mwandishi aliye mbali anaanza kuburuta maneno na kugugumiza, kila mtu anadhani ni woga, kumbe anarudishiwa sauti yake mwenyewe. Sauti hiyo hupitia setilaiti iliyotulia kilomita 35,786 juu ya ikweta, na safari ya kupanda na kushuka huchukua karibu robo sekunde. Mmarekani Bernard Lee aliandika mwaka 1950 jinsi sauti ya mtu inayochelewa kumrudia inavyomvuruga ulimi. Anachotakiwa kusikia mwandishi huyo ni kipindi kizima kasoro yeye. Mara nyingi kosa ni kitufe kimoja kwenye mikisa, huku watu wakifungua viboksi mpaka usiku.

Saa mbili taarifa ilianza. Nilisimama nyuma ya kioo. Katikati ya habari ya pili mwongozaji aliinamia maikrofoni yake na kubonyeza. Kope za mtangazaji zilitikisika mara moja, naye akaimalizia sentensi yake.