Kutoka Ziwa Hadi Ziwa, Gizani

Kuna riwaya unazoweza kuzifuata ukiwa na tiketi mkononi. Katika A Farewell to Arms ya Hemingway, iliyotoka 1929, Frederic Henry anatoroka vita, anapanda treni Milano, anashuka Stresa kando ya Ziwa Maggiore, na huko anakutana na Catherine. Baadaye wanapiga makasia usiku kucha kuelekea Uswisi. Stesheni ya Stresa bado iko na treni za kutoka Milano bado zinasimama pale. Msomaji akitaka kuongeza Ziwa Como, anarudi Milano, anabadilisha treni, anaendelea. Maziwa mawili, wikendi moja, na hakuna anayeshangaa.

Sasa jaribu hiyo kitu hapa kwetu. Tuna reli ya zamani inayopita Naivasha na kufika Ziwa Victoria pale Kisumu. Tuna pia rafu nzima ya vitabu vinavyoizungumzia. Nimevisoma vinne nikiwa na swali moja la kishamba: abiria yuko wapi?

Katika The Man-Eaters of Tsavo cha J. H. Patterson (1907) hayuko, na si ajabu. Reli ya Patterson ni mahema, daraja na simba wawili. Watu wake ni vibarua, na wengi wanatajwa tu pale wanapoliwa. Katika The Lunatic Express cha Charles Miller (1971) kamera inapanda juu zaidi: wakubwa wa London, ramani, gharama. Kitabu kitamu, lakini kinaitazama nchi yetu kama kitu cha kuvukwa. Na historia inampa Miller sababu. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, na reli ikafika Kisumu Desemba 1901, wakati Kisumu yenyewe ilikuwa bado inahesabiwa kuwa Uganda. Ilihamishiwa upande huu mwaka uliofuata. Lengo lilikuwa ziwa lile la mwisho. Bonde la Ufa, na maziwa yake yote, lilikuwa kizuizi njiani.

Ningetarajia waandishi wetu wa riwaya wageuze meza, na kwa kiasi fulani wamegeuza. Dance of the Jakaranda ya Peter Kimani (2017) inampa nafasi Babu, fundi aliyetoka Bara Hindi kuijenga reli, na mjukuu wake Rajan, mwimbaji wa hoteli ya Jakaranda mjini Nakuru, ambaye anabusiwa gizani na msichana asiyemjua. Kimani anaiona reli kama jeraha ambalo familia tatu zinalirithi, na hapo anafaulu kabisa. Lakini treni yenyewe inabaki alama: mnyama wa chuma anayeingia nchini. Nilipokuwa bado chuo tulifundishwa kuishangilia alama hiyo, na tangu wakati huo nimekutana na nyoka wa chuma katika mashairi mengi ya vijana wa rika langu kuliko nilivyokutana na nyoka wa kawaida hapa Ngoingwa. Shida ni kwamba nyoka habebi abiria. Ukishamwita treni nyoka, hakuna tena mama mwenye kapu, hakuna mtoto anayeuliza kama tumefika, hakuna mtu anayehesabu nauli.

Anayekaribia zaidi ni M. G. Vassanji katika The In-Between World of Vikram Lall (2003). Babu yake Vikram alikuja kuijenga reli, Vikram anakulia Nakuru, na baada ya uhuru anaajiriwa upande wa reli. Angalau kuna mtu anayeipenda treni kama treni. Ila anaipenda kama mtu wa ofisi. Hajali atalala wapi akiikosa.

Kwani hii ni hoja kubwa? Kwangu, ndiyo. Nchi inajieleza kupitia ratiba zake. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu iliporudi mwishoni mwa 2021, ilipangwa kuondoka Nairobi Ijumaa jioni na kufika Kisumu Jumamosi asubuhi, kisha kurudi Jumapili jioni. Nauli ya chini ilikuwa shilingi 600, pesa ambayo hata mtu anayeishi kwa kuandika makala anaweza kuitafuta. Shukrani kwa hilo. Lakini soma ratiba hiyo kama unavyosoma shairi: Longonot, Naivasha, Nakuru, Londiani, Fort Ternan, zote zinapita usiku. Ukielekea huko hauoni kitu, na ukirudi hauoni kitu. Unavuka Bonde la Ufa lote ukiangalia uso wako kwenye kioo. Reli mpya nayo ilifika upande huo Oktoba 2019, lakini ikaishia Suswa; ziwa la Naivasha unalitafuta kwa matatu.

Vitabu vyetu na ratiba zetu vinakubaliana, basi. Vyote vinachukulia kwamba katikati hakuna mtu anayetaka kushuka. Mwandishi anaruka kutoka ujenzi hadi alama, na treni inaruka kutoka jioni hadi asubuhi. Sisi wa Thika tungepaswa kulijua hili mapema: kitabu maarufu kuhusu mji wetu, The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley (1959), kinaanza kwa mkokoteni wa ng'ombe ukitoka Nairobi mwaka 1913, mwaka uleule ambao reli ilifika huku. Familia ile ilikuwa na mashamba ya kufikia. Sisi tunataka tu kuona.

Na inawezekana, ukiipanga kinyume. Usipande treni Nairobi. Ijumaa alfajiri toka Thika kwa matatu, badilisha Nairobi, fika Naivasha mapema. Shinda kando ya ziwa, uone viboko na mafunjo mchana. Usiku nenda stesheni ya Naivasha ungoje treni inayopanda kutoka Nairobi. Ukiamka, ni Kisumu: Dunga, boti, samaki mzima na ugali. Ratiba hubadilika, kwa hivyo uliza kabla hujafunga begi.

Ila fikiria hayo masaa ya kungoja pale stesheni. Baridi ya Naivasha si mchezo. Kuna mlinzi, kuna mtu anayeuza chai, kuna msichana anayeenda Muhoroni kumzika nyanya yake, kuna wewe na begi lako, na hakuna hata mmoja wenu anayewaza kuhusu Malkia Victoria. Hiyo ndiyo sura iliyokosekana katika vitabu vyote vinne. Anayetaka kuandika riwaya inayofuata ya reli aianzie hapo, kwenye benchi, na treni ikiwa imechelewa.