Sifa za Mkono Unaosogeza Jiwe

Mwaka 1980 ilitoka Ufaransa filamu iitwayo La Légion saute sur Kolwezi, iliyoongozwa na Raoul Coutard. Ilisimulia vita vya Mei 1978, pale askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa waliposhuka kwa miavuli juu ya mji wetu wa Kolwezi, katika Katanga ya Kongo. Wako Wazungu wengi waliolisikia jina la Kolwezi kwa mara ya kwanza katika filamu hiyo. Lakini kamera yake haikukanyaga Kolwezi. Ilipigwa Guyane, ng'ambo ya Atlantiki, na misitu ya huko ikasimama badala ya miombo yetu. Mji ulipelekwa sinema ukiwa jina tupu.

Tangu hapo kamera nyingi zimekuja kweli. Thierry Michel wa Ubelgiji alitoa Katanga Business mwaka 2009, na baada yake waliokuja kupiga picha za kobalti hawahesabiki. Wako waliofanya kazi njema, na hatuwanyimi haki yao. Hata hivyo utaratibu umebaki ule ule: mgeni huja, hupiga, huondoka, na kazi ya kukata na kuunga picha, ambayo ndiyo inayoamua filamu itasema nini, hufanyika mbali nasi. Sisi tulitoa mashimo, vumbi na nyuso. Akili ya filamu ilitoka kwingine.

Ndiyo maana nataka kuusifu ufundi mmoja ambao vijana wa ukanda huu wa shaba wameushika kwa vidole vyao wenyewe, kisha wakatoka nao kwenda kwenye matamasha ya nje: ufundi wa kuhuisha vitu, kusogeza kitu kisicho na uhai kidogo kidogo mbele ya kamera mpaka kitembee.

Mfano wake uko karibu. Mwaka 2019 wasanii wawili wa Lubumbashi, Frank Mukunday na Tétshim, walitoa Machini, filamu ya dakika 10 inayowahusu watu wanaoishi pembeni ya kiwanda cha madini, jinsi kiwanda kinavyoingia katika hewa yao, katika miili yao na katika mwendo wa siku zao. Hawakuweka waigizaji wala msimulizi wa kutufundisha. Walichukua mawe na michoro, vitu ambavyo mtoto yeyote wa Katanga huviokota barabarani, wakavipa pumzi. Filamu hiyo ilizunguka matamasha ya nchi nyingi, na kila ilikofika ilionekana kuwa kazi ya watu wanaojua wanachokifanya.

Anayetaka kuujua uzito wa kazi hii na aanze na hesabu. Sekunde moja ya sinema ina picha 24. Mafundi wengi hupiga picha 12 na kuihesabu kila moja mara mbili. Kwa hiyo mtu wa mawe akiinua mkono kwa sekunde moja, fundi amesogeza, ameondoa vidole, amebonyeza, ametazama na kusogeza tena, mara 12. Kwa kipimo hicho dakika 10 zinadai picha 7,200.

Mtazame basi fundi wa namna hiyo akiwa kazini. Meza imekazwa isitikisike. Kamera inatazama chini, na miguu ya stendi yake imebandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi. Dirisha limezibwa kwa kartoni, kwa sababu jua likisogea kivuli nacho kitasogea, na katika filamu kitaonekana kikirukaruka bila sababu. Mezani kuna kokoto ya malakiti, ya kijani yenye mishipa myeusi. Hiyo ndiyo kiwiko cha mtu. Fundi anaisukuma kwa ncha ya kijiti, upana wa ukucha, basi. Anauondoa mkono. Anangoja vumbi litulie, anabonyeza. Akipiga chafya na kokoto ikahama, hakuna hila ya kuirudisha palepale. Hurudi nyuma mpaka picha ya mwisho anayoiamini na kuanza upya. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la nchi, ukikatika katikati ya hatua, kisha ukarudi na mwanga hafifu kuliko wa mwanzo, hatua nzima imeharibika. Hayo yanatokea katika mkoa ambao maji ya mto Lualaba yalizibwa Nzilo na Nseke tangu miaka ya 1950 ili kulisha migodi. Fundi hujua saa za umeme wa mtaa wake kama mvuvi ajuavyo kupwa na kujaa kwa bahari.

Subira hii haikuletwa na kamera. Ardhi ya Katanga ilikuwa na mafundi wa shaba karne nyingi kabla ya kampuni ya kwanza. Misalaba ya shaba iliyomiminwa katika kalibu ilitumika kama fedha na ilizikwa pamoja na wafu, na wachimbuaji wa mambo ya kale wameikuta makaburini huko Sanga, katika bonde la Upemba. Bayeke, waliotoka Usumbwa katika Tanzania ya leo na kusimika dola yao Bunkeya chini ya M'siri, walikuwa hodari wa kuivuta shaba mpaka ikawa waya mwembamba wa bangili. Kila hatua ilikuwa ndogo, na aliyeharakisha alikata waya.

Bunkeya hiyo hiyo, iliyo leo katika mkoa wa Lualaba, ndiko alikozaliwa mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco mwaka 1930. Alikuwa kijana wa miaka 22 hivi mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville, yaani Likasi, mwaka 1952. Alipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada tu, na bado wasikilizaji walidhani wapigaji ni wawili. Mwaka 1969 alisimama kwenye tamasha la muziki la Newport, Marekani. Wengi waliomsikiliza huko hawakujua Kiswahili chake, wala Bunkeya iko wapi. Walichoweza kukipima ni kazi ya vidole viwili, na hicho kilitosha.

Hapo ndipo lilipo somo ambalo kijana wa leo hulipata tamashani, na kwa kawaida hulipata kwa uchungu kidogo kabla ya utamu. Filamu aliyoizoea kwenye kompyuta ndogo chumbani inatandazwa ukutani, ukubwa wa nyumba. Kila kosa limekua nayo: utepe uliosahauliwa pembeni, kivuli kilichoruka, sauti iliyorekodiwa jenereta la jirani likinguruma. Hakuna anayemkaripia, lakini giza lile linamfundisha zaidi ya mwalimu mkali. Kesho yake anaketi kutazama kazi za wenzake kutoka Ouagadougou, Kampala au Praha, na anagundua kwamba kuna mtu mwingine duniani aliyehangaika na tatizo lake la kivuli na kulitatua kwa shuka jeupe.

Kisha yanakuja maswali. La kwanza karibu hujulikana kabla halijaulizwa: ni kweli watoto wanachimba kobalti? Simu yangu ina damu? Ni maswali ya haki, na mtu wa Kolwezi hana sababu ya kuyakwepa. Ila muulizaji huyo anamtaka shahidi, na shahidi akishamaliza kueleza huambiwa asante, akae. Swali la pili hutoka safu ya nyuma, kwa mtu aliye na gundi kwenye kucha: moshi ule umeupataje? Ni pamba, ni chaki, au ni vumbi la mkaa? Anayeuliza hivyo amekwisha kumkubali kuwa fundi mwenziwe. Mazungumzo yao yataendelea nje, kwenye ngazi, mpaka walinzi wafunge milango, na huko ndiko hutoka mialiko na kazi za pamoja.

Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, anaijua njia hii. Katika picha zake za Kolwezi aliziweka kambi za wachimbaji wa mkono, mahema ya turubai na ardhi iliyochubuliwa, ubavuni mwa mabango ya Kichina ambayo wachimbaji hupamba nayo makao yao: maporomoko ya maji, bustani, majumba yasiyo na vumbi. Asiyejali angepiga hema na kuondoka. Yeye aliingia, akatazama ukutani, akaona mwenye hema anatamani nini. Mwaka 2015 kazi zake zilikuwa kwenye Biennale ya Venice, na mwaka 2017 kwenye maonyesho ya documenta, Athens na Kassel. Huruma haimfikishi mtu huko mara mbili.

Sasa tuyapime haya na biashara ya mkoa. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa yake hutoka mkoa wetu wa Lualaba. Huondoka ikiwa unga wa hidroksidi ndani ya magunia, kwa malori yanayopita mpakani Kasumbalesa, na husafishwa China. Mwezi Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wake, na kuanzia Oktoba ikaweka viwango vya usafirishaji: tani 96,600 kwa mwaka 2026. Zote hizo ni mbinu za kudai bei nzuri zaidi kwa kitu ambacho hakijakamilika. Filamu ya mawe hutoka Katanga ikiwa imekamilika. Thamani iliyoongezwa ndani yake iliongezwa na kijana, juu ya meza, na hakuna kiwanda cha ng'ambo kitakachoiongeza tena.

Kuna mtu atasema: matamasha hayo ni ya Wazungu, wanapiga makofi, sisi hatuoni kitu. Lawama hiyo ina ukweli. Filamu inaweza kusifiwa katika miji kumi kabla haijaonyeshwa Manika au Dilala, hapa hapa Kolwezi, na kazi inayosifiwa ugenini tu huanza polepole kujipamba kwa macho ya ugenini. Lakini dawa si kuwazuia vijana kusafiri. Lubumbashi ilikwisha kuionyesha njia: chama cha wasanii cha Picha kilianza mwaka 2008, na Biennale yake huwaleta wageni kwetu badala ya sisi kuwaendea siku zote. Goma wana kituo cha Yole!Africa, ambako vijana wamefundishwa kamera na uhariri hata vita vikiwa mlangoni, na filamu zao zimeonyeshwa kwa majirani. Hata tamasha la nje si lazima liwe Ulaya. Zanzibar wanalo la kwao tangu 1998, na huko mtoto wa Kolwezi anaweza kujibu maswali kwa Kiswahili chake cha Katanga, wakamcheka kidogo, wakamwelewa.

Kolwezi haina udhuru wa umaskini. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi. Fedha hizo zijenge visima na zahanati, ndiyo, hilo halina mjadala. Lakini wajumbe wa jamii wanaokaa mezani kuzigawa na wakumbuke kudai pia chumba kimoja chenye meza imara, taa zisizozimika, kamera mbili na mwalimu anayelipwa. Wazazi nao wasimwite mvivu mtoto anayeshinda akisogeza kokoto, kwani anafanya kazi. Na wewe kijana unayengoja mwaliko wa kwenda nje, usiungoje ukiwa umekaa. Mawe yapo mlangoni pako, na hakuna tamasha litakalokuuliza umetoka wapi kabla halijaona unajua nini.