Mkono Usiogusa Usukani

Kazi ya kumfundisha rubani wa ndege ya kivita huanzia chini kabisa, kwenye kiti cha kawaida, chumbani, mlango umefungwa. Ukutani mwanafunzi amebandika picha ya dashibodi ya ndege, kila saa na kila swichi mahali pake. Katikati ya magoti amesimamisha kile kifaa cha mpira cha kuzibulia choo; mpini wake ndio usukani. Mkono wa kushoto umeshika chochote kinachoweza kusukumwa mbele na kurudishwa nyuma, nacho ndicho kishikio cha nguvu za injini. Anafumba macho, anaruka. Anatamka kwa sauti maneno atakayoyasema redioni, anageuza shingo pale atakapopaswa kuigeuza, ananyoosha kidole hadi kwenye swichi ya karatasi. Akiruka hatua, anarudi kwenye maegesho na kuanza upya. Katika kambi za Jeshi la Anga la Marekani, kama Columbus kule Mississippi, Laughlin kule Texas na Vance kule Oklahoma, hayo hufanyika usiku baada ya usiku, kwa sababu saa moja ya angani ni ghali na imejaa mambo mengi mno, wala si mahali pa kutafuta swichi iko wapi.

Asubuhi darasa hukutana. Mkufunzi anasimulia safari: uko juu, hali ya hewa ni hii, mafuta yamebaki kiasi hiki, ghafla taa ya moto wa injini imewaka. Kisha anataja jina. Aliyetajwa anasimama wima mbele ya wenzake na kuipokea ndege ile ya maneno. Kwanza aseme kwamba anaendelea kuiongoza ndege. Pili achunguze kilichotokea. Tatu achukue hatua inayostahili. Nne atue mara hali itakaporuhusu. Mpangilio huo haubadiliki, hata tatizo liwe dogo namna gani. Akikwama huambiwa aketi, na mwingine husimama kuendelea kutoka pale pale. Zipo hatua chache za dharura ambazo kitabu kimezichapa kwa herufi nzito, nazo hukaririwa neno kwa neno. Zikiandikwa kwenye karatasi ya mtihani, hata mkato ukikosekana ni kosa. Mtu wa nje ataona ukali wa kijeshi tu. Mimi naona huruma ndani yake: moto ukiwaka kweli, akili husinyaa, na kinachobaki ni kile kilichokwisha kuzama.

Ndege ya kwanza katika kambi hizo ni T-6, yenye propela moja na injini ya nguvu za farasi 1,100. Mwanafunzi hukaa mbele, mkufunzi nyuma yake. Hapo ndipo mwili nao huanza kufunzwa. Ndege ikikunja kona kali, uzito wa kila kitu huongezeka. Kwenye nguvu ya G tano, yaani mara tano ya uzito wa kawaida, mtu wa kilo 75 hukikandamiza kiti kama mwenye kilo 375, na damu huvutwa kutoka kichwani kuelekea miguuni. Rangi hufifia kwanza, kisha pembe za macho huingia giza, kisha fahamu hupotea. Dawa yake ni juhudi ya misuli inayopaswa kuanza kabla ya kona yenyewe: kaza mapaja, kaza makalio, kaza tumbo, vuta pumzi uibane, na kila baada ya sekunde tatu hivi itoe kidogo na uivute tena upesi. Suruali maalumu hujaa hewa na kuibana miguu, lakini suruali hiyo ni msaidizi tu. Na huku misuli yote hiyo imekazwa, mkono ulioshika usukani unatakiwa kubaki mwepesi. Kukaza mwili mzima na kuuacha mkono mmoja ulegee ni jambo ambalo mwanadamu hakuzaliwa nalo, na huchukua wiki nyingi kulipata.

Wanaochaguliwa kuelekea kwenye ndege za kivita huhamia T-38. Iliruka mara ya kwanza Aprili 1959, ikaanza kutumika 1961, na hadi kiwanda cha Northrop kilipoacha kuitengeneza 1972 zilikuwa zimetoka karibu 1,200. Aliyewahi kutazama ndege za kivita za Kenya zikipita juu ya Nairobi siku ya sherehe anajua umbo lake, kwa kuwa F-5, ambazo Kenya ilianza kuzipokea mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuziweka Nanyuki, ni ndugu yake wa tumbo moja. Urefu wake ni mita 14, lakini kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa haifiki mita nane. Mabawa hayo mafupi na membamba yalichorwa kwa ajili ya kuipita kasi ya sauti. Kazi ngumu ni kuirudisha ardhini.

Ndege inakuja juu ya njia ya kutua ikiwa futi 1,500 kutoka ardhini, kwa kasi ya kilomita 550 hivi kwa saa. Mwanafunzi anailaza ubavu, anavuta, anapunguza nguvu, anageuka na kurudi alikotoka, sambamba na njia. Kasi ikishuka vya kutosha anateremsha magurudumu, anahakikisha taa zote tatu za kijani zimewaka, anateremsha vibao vya nyuma ya mabawa. Kisha hufika pale wanapopaheshimu wote: kona ya mwisho, inayoshuka huku ikigeuka mpaka uso wa ndege uelekee njia. Akigeuka kwa ulegevu, ataipita njia upande wa pili. Akivuta kwa nguvu mno ili asiipite, bawa litashindwa kuibeba ndege, nayo itaanza kuzama ardhini huku pua ikiwa bado imeelekea juu, kwa namna ambayo macho huchelewa kuigundua. Katika kona hii wamekufa watu.

Bawa, hata hivyo, husema mapema. Kabla ya kushindwa hutetemeka, na mtetemo huo hupita kwenye kiunzi cha ndege hadi kwenye kiti. Kwanza ni mwepesi, kisha mzito zaidi. Rubani aliyepevuka huutambua kwa makalio na mgongo, kama mpishi anavyojua kwa mlio tu kwamba mafuta yamepata moto. Hutulia kwenye mtetemo mwepesi na kuishikilia kona hapo hapo. Mtetemo ukizidi, anaongeza nguvu zote, analegeza mvuto, ananyoosha mabawa, anaiacha kona ile na kuzunguka upya. Hakuna aibu katika kuzunguka upya, na wakufunzi husisitiza hivyo bila kuchoka.

Tumwangalie sasa aliyeketi nyuma. Mkono wake wa kulia umeuzunguka usukani bila kuugusa. Wa kushoto uko karibu na vishikio vya nguvu za injini, nao haujavishika. Mbele haoni vizuri, kiti na kofia ya mwanafunzi vimemkinga, kwa hiyo husoma kingo za njia zinavyofunguka kushoto na kulia. Anahisi mtetemo ule ule, na mara nyingi ameshajua sekunde mbili kabla kwamba mwanafunzi atakosea. Anaacha. Akigusa sasa, ndege itatua vizuri, na mwanafunzi ataondoka akiamini kwamba ametua yeye. Kwa hiyo kwanza husubiri, kisha husema neno moja, “kasi”, na kusubiri tena. Neno lisipofanya kazi, hapo ndipo mkono hufunga, na sauti hutamka kwamba ndege sasa ni yake. Nafasi kati ya kusubiri na kushika ni fupi sana, na huko ndiko uliko ufundi wake wote.

Kando ya njia kuna kibanda kidogo chenye vioo pande zote. Humo hukaa mkufunzi mwingine akitazama kila ndege ikiingia, pamoja na mwanafunzi mwenye darubini anayehakikisha kwamba magurudumu yametoka. T-38 inagusa lami, na rubani hashushi pua upesi. Huishikilia juu, nyuzi 12 hivi, ili tumbo la ndege lipambane na upepo na kuila kasi, mpaka ipungue karibu na kilomita 185 kwa saa. Ndipo pua hulala taratibu na breki huanza kazi.

Baadaye huja kuruka kwa safu, bawa kwa bawa, kukiwa na futi tatu tu kati ya ncha na ncha. Anayefuata hatazami ardhi wala saa zake. Macho yake yako kwenye alama fulani za ndege ya kiongozi, na kazi yake ni kuziweka pale pale zilipo. Mkono wa kushoto hausimami: mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele kidogo, tena kabla hitilafu haijaonekana. Wanafunzi huanza kwa kuukaba usukani, na ndege huyumbayumba. Ushauri wa wakufunzi ni wa ajabu na hufaa sana: chezesha vidole vya miguu ndani ya buti. Akili ikishughulika na vidole, mkono hulegea, na ndege hutulia.

Safari ya saa moja hivi ikiisha, mazungumzo ya mezani huweza kuizidi kwa urefu. Kwa kutumia viganja vyao kama ndege mbili, mwanafunzi na mkufunzi wanairudia kona moja baada ya nyingine: hapa ulikuwa wapi, uliona nini, uliamua nini, kwa nini. Kila kitendo hupewa alama yake, na kesho huanzia palipolegea.

Nao wakufunzi hufundishwa. Katika kambi ya Randolph, San Antonio, rubani aliyekwisha kufuzu huketi kiti cha nyuma, na mbele yake mkufunzi mkongwe huigiza uanafunzi. Mkongwe huyo hukosea kwa makusudi, na kwa ustadi mkubwa: hupunguza nguvu mapema katika kona ya mwisho, huvuta kupita kiasi, huuacha upepo umsukume nje ya mstari, huchelewa kujibu redioni. Wa nyuma anajifunza kuliona kosa likizaliwa na kulipima, ili ajue bado lina muda wa kufundisha au limeshakuwa hatari. Wakishuka huketi mezani na kuuliza maswali yale yale, ila safari hii yanahusu mkono wake: pale ulipofunga, mwanafunzi alikuwa amebakiza nafasi ya kujirekebisha mwenyewe?