Tunamsifu Mpemba, makala yake hatuisomi

Kisa cha Erasto Mpemba tunakijua wote. Mwaka 1963, akiwa Sekondari ya Magamba, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu ukiwa wa moto kwenye friji ili awahi nafasi, ukaganda kabla ya wa mwenzake ambaye hakuchemsha maziwa. Mwalimu akamcheka. Sisi tunapiga makofi, basi.

Makala yenyewe, "Cool?", aliyoandika na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia hapa Dar, katika jarida la Physics Education mwaka 1969, ina utamu zaidi. Mpemba anasimulia mwenyewe, na hafichi kwamba rafiki yake muuza aiskrimu wa Tanga alimwambia huweka ya moto makusudi ili iwahi kuganda. Mtaa ulishajua, yeye aliuliza kwa nini. Osborne naye anamtaja fundi wa maabara aliyepata jibu lilelile, akaahidi kurudia mpaka apate jibu "sahihi". Unacheka, halafu unajiuliza wewe ungefanyaje.

Udhaifu upo. Mpemba aliangalia aiskrimu iliyokwisha kuganda. Osborne alipima muda wa maji kuanza kuganda. Hayo ni maswali mawili. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima muda wa maji kufika nyuzi 0, wasiuone ushahidi wa maana, wakaonyesha kuwa kusogeza kipimajoto sentimita 1 tu kunaweza kukudanganya.

Lakini kuna jaribio moja la Osborne tunalolipita: alipotandaza mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa sana. Maana yake joto jingi lilikuwa linatokea juu, kwenye uso ulio wazi.

Sasa njoo Kariakoo, kwenye nyumba yenye kibao "Barafu zipo". Juisi ya ukwaju inafungwa fundo kwenye kifuko cha plastiki, mvuke hauna pa kutokea. Je, ujanja wa Magamba utafanya kazi hapo, au juisi ya moto itayeyusha za jirani na kumaliza yuniti za LUKU bure? Vifuko viwili, kikombe kilicho wazi, saa ya simu, na tukubaliane kwanza "kuganda" ni nini. Anayeuza barafu hizo anastahili jibu lililopimwa, na Mpemba anastahili wasomaji wa kumbishia.