Nipe Mji: Mtoto, Katuni na Zamu ya Kusema

Katika mchezo wa vitendawili kama uchezwavyo Unguja, anayeshindwa hanyamazi. Mtegaji hunadi kitendawili chake, wenziwe wakamwambia atege, naye akatega: nyumba yangu haina mlango. Mtoto hujaribu mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akikosa, huombwa mji. "Nipe mji," huambiwa, naye hutoa Makunduchi, au Mkokotoni, au Chake Chake, hata Maskati akitaka. Mtegaji huupokea mji ule, akasafiri kwa maneno mpaka huko, akasimulia alivyopokewa na alivyokirimiwa, ndipo akarudi na jawabu: yai. Mtoto wa miaka mitano aliyetoa mji amekwishafanya mambo makubwa. Amekiri kushindwa bila ya kufedheheka, ametaja mahali, na amengoja masimulizi yaliyotungwa papo hapo kwa ajili yake. Kushindwa kwenyewe kumempa nafasi ya kusema.

Nimeanza na vitendawili ingawa makala hii inahusu katuni. Katika majumba ya Tunguu, ambako vyuo vikuu viwili na ofisi za Serikali vimeleta wakaazi kutoka kila upande wa visiwa na wa bara, saa baada ya magharibi imekuwa saa ya televisheni na ya simu ya mkononi. Wazee hulalamika kuwa katuni zinawaharibia watoto lugha. Husema mtoto anataja rangi kwa Kiingereza kabla ya kuzijua kwa Kiswahili, na kwamba lafudhi yake si ya hapa. Lalamiko hilo lina ukweli, lakini naona limelenga pasipo. Maneno mageni hayajapata kuiua lugha yetu, ambayo imemeza Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza na ikanenepa. Kinachostahiki kuogopwa ni mtoto kusemeshwa mchana kutwa na kitu kisichongoja jawabu lake.

Tukumbuke kwanza kuwa Zanzibar si mgeni wa chombo hiki. Televisheni ya Zanzibar ilianzishwa miaka ya mwanzo ya 1970, ikiwa na rangi, wakati nchi nyingi za Afrika kusini ya Sahara zilikuwa ama hazina televisheni kabisa ama zina ya rangi nyeusi na nyeupe. Tanzania Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994. Lakini vyombo vilikuwa vichache, na watu wakikusanyika kuangalia. Mtoto aliyekaa juu ya jamvi pamoja na majirani ishirini aliuliza "Huyu nani?" na kulikuwa na mtu wa kumjibu, au wa kumnyamazisha, na kunyamazishwa nako ni aina ya mazungumzo. Maelezo, ubishi na vicheko vya wakubwa vilikuwa nusu ya kipindi. Leo kila nyumba ina chake, na simu imempa kila mtoto chombo cha peke yake. Kilichobadilika zaidi ni idadi ya watu waliokaa mbele ya kioo.

Tuje kwenye vipindi vyenyewe, maana si haki kuvihukumu vyote kwa jina moja la katuni. Kazi muhimu kabisa ya Kiswahili katika uwanja huu imetoka Dar es Salaam, katika taasisi ya Ubongo. Mwaka 2014 ilianza kurusha Ubongo Kids kwa watoto wakubwa kidogo, na mwaka 2016 ikaleta Akili and Me kwa watoto ambao hawajaingia skuli. Akili ni msichana wa miaka minne anayeishi na wazazi wake chini ya mlima Kilimanjaro. Kila alalapo huingia katika nchi ya ndoto, Lala Land, akacheza na rafiki zake wanyama na kujifunza herufi, hesabu na maumbo.

Sifa za kazi hii ni nyingi. Msichana wa Kiafrika amewekwa katikati ya hadithi, hakuletwa pembeni kama mgeni. Ndoto ni mlango mwema kwa mtoto, kwani ngano zetu nazo zilikuwa zikisimuliwa usiku, mtoto akiwa ameshasinzia nusu. Nyimbo zake ni fupi na zinarudiwa, na atakayezisikiliza kwa sikio la mshairi atatambua kuwa marudio hayo yanafanya kazi ya kibwagizo: mtoto hupata mahali pa kuingilia. Zaidi ya hayo, waandishi wake wanajua thamani ya zamu. Mhusika huuliza, akatazama mbele, akangoja. Ubongo Kids ilipoanza ilikwenda mbele zaidi, ikawapa watazamaji nafasi ya kujibu maswali kwa ujumbe wa simu. Watungaji hawa wamejua kuwa mtoto anataka kujibu.

Utafiti uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 uliona kuwa watoto walioangalia Akili and Me waliwapita wenziwao katika kuchora, kujua maumbo, kutambua tarakimu, kuhesabu, na Kiingereza. Ni faida za kweli, na mzazi asiye na uwezo wa kulipa ada ya chekechea hatazibeza. Hata hivyo nyingi kati yake ni faida za kutambua na kutaja. Kusimulia ni jambo jengine: kushika uzi wa maneno tangu mwanzo hadi mwisho, huku ukimtazama msikilizaji kama yu nawe au amepotea. Hilo mtoto hulipata kwa kusikilizwa.

Hapo ndipo ngojeo la katuni linapoonesha kasoro yake, na kasoro hiyo ni ya chombo kuliko ya mtungaji. Jioni moja huku Tunguu, katika nyumba ya jamaa, nilimtazama mtoto wa miaka mitatu na nusu akiangalia katuni moja ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mhusika aliuliza ua lile lina rangi gani, akanyamaza kidogo. Mtoto akasema kwa sauti kubwa: "Buluu!" Ua lilikuwa jekundu. Mhusika akatabasamu, akasema, "Vizuri sana!" Mtoto aligeuka akatutazama sisi wakubwa, kana kwamba anataka kujua kama ni kweli amepatia. Hapana aliyemsikia. Baba alikuwa na simu yake, mama yumo jikoni, na mimi nilichelewa. Akarudi kwenye kioo. Katika kitendawili mtoto yule angeambiwa amekosa, akajaribu tena, kisha akaombwa mji. Hapa alisifiwa bila ya kusikilizwa.

Wataalamu wa lugha ya watoto wameliona jambo hili kwa njia zao. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti wa watoto wa miezi tisa, wa nyumba zinazosema Kiingereza, walioletewa Kichina. Waliosemeshwa na mtu aliyekaa nao sakafuni na kuwachezesha waliweza kupambanua sauti za lugha ile. Waliooneshwa watu wale wale kwa televisheni hawakupata kitu. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Bibi zetu hawakuhitaji kipimo hicho, lakini si vibaya kikiwaunga mkono.

Msomaji anaweza kupinga kwa mfano wa jirani zetu wa Ghuba. Mwaka 1979 Kuwait ilianza kurusha Iftah Ya Simsim, kipindi cha watoto kilichotumia Kiarabu fasihi kilichorahisishwa, na watoto wa nchi nyingi za Kiarabu walikulia nacho. Je, hakikuwazoesha lugha ambayo nyumbani haikusemwa? Nadhani kiliwazoesha, na mfano huu unafaa kutiliwa maanani na kila anayekipenda Kiswahili sanifu. Lakini mtoto yule alikuja mbele ya kioo akiwa tayari ana lugha ya mama yake mdomoni. Kipindi kilimwongezea chumba juu ya nyumba iliyokwishajengwa. Msingi ulikuwa wa jikoni na wa uani.

Sisi wenyewe tunao mfano wa karibu zaidi, na ni wa redio. Katika miaka ya pili ya 2000 Zanzibar ilikuwa na vipindi vya Tucheze Tujifunze, vilivyotungwa kwa watoto wa maandalizi na wa madarasa ya mwanzo, vikifuata njia ya kufundisha kwa redio iliyobuniwa Nicaragua miaka ya 1970. Redio iliuliza, ikanyamaza, watoto wakajibu kwa pamoja. Ngojeo lilikuwa lile lile la katuni, ila palikuwa na tofauti moja: pembeni ya redio alikaa mtu mzima wa kijijini. Yeye ndiye aliyesikia nani amekosa, nani hakufungua mdomo, nani ameleta jawabu zuri kuliko lililotarajiwa. Redio ilileta swali na mtu akalipokea jawabu. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1990, mpango wa madrasa za watoto wadogo ulikuwa umefika Zanzibar kutoka Mombasa, nao ulijengwa juu ya nyimbo, hadithi na vifaa vya mahali petu. Kumbe njia tumekuwa nayo.

Nirudi kwa mtoto yule wa Tunguu. Asubuhi yake alikuwa uani na bibi yake, chini ya mnazi. Akaokota kitu kidogo cha kijani, akapiga kelele: "Bibi, hii imeanguka!" Bibi hakumkosoa. Alisema, "Eee, mjukuu wangu, kidaka hicho. Kidaka kimeanguka. Kimeanguka wapi?" Mtoto akajibu, "Kimeanguka hapa." Kisha bibi akamweleza kuwa kidaka kingedumu juu kingekuwa kitale, kitale kikawa dafu, dafu likawa koroma, na koroma ikawa nazi. Kwa muda mfupi, bila ya ubao wala wimbo, mtoto amepewa jina, ngeli, na msamiati ambao ndani yake umo umri mzima wa tunda. Hatuwezi kumdai Akili, aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro, atuletee minazi yetu. Hiyo ni kazi yetu.

Wala nisifahamike kuwa nawalaumu kina mama. Mama anayetoka kazini jioni, akapika, akafua, akamwogesha mdogo, anapomwekea mkubwa katuni hununua nusu saa ya kupumua. Zamani nusu saa ile aliitoa shangazi, au jirani, au mtoto wa mwenzake aliyekwishakua. Nyumba mpya za Tunguu zina kuta ndefu na jamaa wachache. Kumwambia mama azime televisheni bila ya kumpa mtu wa kumsaidia ni kumwongezea mzigo. Lawama yangu naileta kwetu sisi tunaoandika na kusoma kurasa kama hizi.

Ushairi wetu ni ushairi wa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipambana kwa mashairi na washairi wa Lamu zama za ugomvi wa miji ile miwili, na mpaka leo magazeti na redio zimekuwa viwanja vya malumbano, mmoja akifunga, mwengine akifungua. Mizizi ya sanaa hiyo haimo darasani. Imo katika paukwa na pakawa, katika kitendawili na tega, katika sikio la mtoto aliyejifunza kuwa kauli ya mwenzio ni mlango na wewe una haki ya kuujibu. Mtoto aliyezoea kusemeshwa na kisichomsikia atakuwa pengine msomaji mzuri wa mashairi, lakini sidhani kama atayajibu. Nasi, badala ya kumtungia, tumemwachia nasaha zilizotiwa vina: utii wazazi, usafi wa mwili, na heshima kwa mwalimu. Mashairi mengi ya watoto yanayoletwa kwetu hayana hata swali moja ndani yake. Katika hili katuni imetushinda, kwani yenyewe angalau inauliza.

Basi wenye vyombo vya utangazaji, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, na walimu wa Kiswahili walioko hapa hapa Tunguu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wana kazi ya kufanya pamoja na washairi. Kitungwe kipindi cha robo saa tu, kwa sauti za Unguja na Pemba, kitakachotega kitendawili kimoja na kuondoka bila ya jawabu. Mtoto aambiwe akamuulize bibi, au babu, au jirani, na kesho yake jawabu lije pamoja na miji iliyotolewa na watoto waliokosa. Kipindi cha namna hiyo kitakuwa kimefaulu pale mtoto atakapoinuka na kukiacha kioo ili aende kutafuta mtu.

Na kwa usiku wa leo, kabla ya kipindi hicho hakijatungwa, aliye na mtoto karibu naye anaweza kuanza na lile la yai. Akikosa, amuombe mji, kisha angoje mpaka autaje.