Mnada wa Kushusha Bei: Jinsi Simu Zilivyopata Masafa ya Televisheni Marekani

Mnada ulioanza rasmi Marekani tarehe 29 Machi 2016 ulikuwa na dalali anayeshusha bei. Wauzaji walikuwa wenye vituo vya televisheni, na mnunuzi wa kwanza alikuwa Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, FCC. Kituo cha WCBS cha New York kilitangaziwa bei ya kuanzia ya dola milioni 900. Kutoka hapo, kila raundi bei za vituo zilikuwa zikiteremka, na mwenye kituo alikuwa na swali moja la kujibu: kwa bei hii mpya bado unauza, au unabaki hewani?

Kilichokuwa kikigombaniwa ni masafa ya 600 MHz. Wimbi lake lina urefu wa nusu mita hivi. Wimbi la 2600 MHz, ambalo kampuni za simu hutumia sana mijini, halifiki sentimita 12. Wimbi refu hupenya kuta na hufika mbali, kwa hiyo mnara mmoja hutosha mahali ambapo masafa ya juu yangehitaji minara kadhaa. Televisheni ilikuwa imekalia masafa haya kwa miongo. Marekani ilikwisha kumega kipande cha 700 MHz na kukipiga mnada mwaka 2008, kabla ya kuzima analojia ya vituo vikubwa Juni 2009, lakini hicho kilikuwa rahisi: mitambo ya dijitali ilibana matangazo, nafasi ikabaki. Kwenye 600 MHz kulikuwa na vituo hai vyenye leseni. Sheria ya Februari 2012 ndiyo iliyoruhusu FCC kuvigawia sehemu ya mapato ya mnada vile vitakavyokubali kutoka kwa hiari.

Ugumu ni kwamba anayekubali kuuza huenda hayuko kwenye chaneli inayotakiwa. Vituo vya UHF vilitapakaa kuanzia chaneli 14 hadi 51, na kampuni za simu zilitaka kipande kimoja cha juu kinachofanana karibu nchi nzima. Kwa hiyo kumnunua aliye chaneli 22 kulikuwa na maana, mradi jirani yake wa chaneli 45 ahamie hapo. Serikali haikuweza kumlazimisha mtu auze. Asiyeuza, hata hivyo, iliweza kumhamisha.

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na kwa maoni yangu ndipo palipostahili kuzungumzwa zaidi kuliko mabilioni yaliyojaa magazetini. Kabla ya kushusha bei ya kituo, kompyuta ilikagua: kituo hiki kikiamua kubaki hewani, kitapata chaneli pamoja na vyote vilivyokwisha kuamua kubaki, bila kuvurugana? Kama kitapata, bei inashuka. Kama hakipati, bei inaganda hapohapo, na mwenyewe anahesabika ameuza kwa bei hiyo. Wauzaji basi walishindana kwa jiografia. Kituo chenye watazamaji wachache kiliweza kulipwa fedha nyingi kwa sababu tu kilikaa mahali ambapo majirani walikuwa wamejaza kila nafasi. Kituo kilicholipwa zaidi ya vyote, dola milioni 304, kilikuwa WWTO cha LaSalle, mji mdogo wa Illinois ulio ndani ya soko la Chicago. Wawekezaji waliong'amua hesabu hii mapema walinunua vituo hafifu kabla ya mnada na kuvisubiria bei nzuri.

Ukaguzi huo si mdogo. Chaneli ya New York inaikwaza Philadelphia, ya Philadelphia inaikwaza Baltimore, ya Baltimore inaikwaza Washington, na Kanada na Meksiko nazo zina haki zao mipakani. Wanahisabati wanalijua swali hili kama tatizo la kupaka rangi, ambapo wanaopakana hawaruhusiwi rangi moja, na hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulimaliza kila mara. Timu ya Kevin Leyton-Brown wa Chuo Kikuu cha British Columbia iliandika programu iliyoitwa SATFC kwa kazi hiyo. Sehemu kubwa ya maswali ilijibiwa chini ya dakika moja. Swali lililoshindikana ndani ya muda uliowekwa lilichukuliwa kuwa jibu ni hapana, na bei ikaganda. Maana yake, kila mahali programu ilipozidiwa, serikali ililipa zaidi. Paul Milgrom, aliyeongoza usanifu wa mnada, alipata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2020 pamoja na Robert Wilson.

Upande wa pili kampuni za simu zilinunua kwa bei ya kupanda, kama ilivyozoeleka. Sharti lilikuwa fedha zao zitosheleze madai ya vituo, la sivyo lengo linapunguzwa na zoezi linarudiwa. Hatua ya kwanza ililenga MHz 126. Vituo vilidai dola bilioni 86.4, kampuni za simu zilifika bilioni 23.1 zikanyamaza. MHz 114 nazo hazikuuzika, wala 108. Ni kwenye hatua ya nne, kwa MHz 84, ambapo madai yaliporomoka hadi bilioni 10.05 na wanunuzi wakatoa bilioni 19.8. Kampuni zile zilikuwa zimelia njaa ya masafa kwa miaka; zilipoletewa bili, njaa ikapimika. Verizon haikuondoka na leseni hata moja, AT&T ilitumia chini ya bilioni moja, T-Mobile ikabeba fungu kubwa kwa bilioni 8. Matokeo yalitangazwa Aprili 2017. Kufika Agosti T-Mobile ilikuwa imewasha mnara wake wa kwanza wa 600 MHz huko Cheyenne, Wyoming.

Vituo vilivyouza vilikuwa 175. Kati ya hivyo, 30 vilishuka chini kwenye VHF, na vingi kati ya vilivyosalia vilisema vitagawana chaneli na vituo vingine. Lakini vilivyotakiwa kuhama chaneli vilikuwa 987, ndani ya miezi 39. Vingi havikuweza kuingia chaneli mpya kabla aliyemo hajatoka, kama wapangaji wanaobadilishana vyumba, kwa hiyo FCC ilivigawa katika awamu 10. Mfuko wa fidia wa dola bilioni 1.75 haukutosha, Bunge likaongeza bilioni moja mwaka 2018. Mafundi wa kupanda minara mirefu walikuwa wachache na kazi yao ni ya hatari. Aprili 2018, karibu na Fordland, Missouri, mnara wa takriban mita 600 ulianguka mafundi wakiuimarisha kwa ajili ya uhamisho huo, na mmoja wao akafa. Awamu ya mwisho ilikamilika Julai 2020.

Wapo wanaouliza kwa nini Afrika Mashariki haikutumia mnada wa namna hii. Hapa masafa ya juu ya UHF yaliachiwa simu kwa tarehe na amri, chini ya makubaliano ya Geneva ya 2006 yaliyoweka kikomo cha 17 Juni 2015. Tanzania ilianza kuzima analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kenya, mvutano kuhusu uzimaji huo ulifika hadi Mahakama ya Juu, na Februari 2015 skrini za vituo vikubwa zikawa nyeusi kwa wiki kadhaa. Baada ya hapo kituo cha kawaida hakikuwa tena na chaneli yake ya kuuza. Kinalipia nafasi kwenye mtambo wa msambazaji, ambako chaneli moja hubeba vituo vingi hadi kwenye king'amuzi. Tanzania ilianza na wasambazaji watatu: Star Media, Agape Associates na Basic Transmissions. Mnada wa bei inayoteremka hufanya kazi pale tu wauzaji wanapokuwa wengi kiasi kwamba mmoja akikataa, mwingine anaweza kuziba pengo lake. Wauzaji watatu wangekaa meza moja na kuusimamisha mnada kwenye bei waitakayo.