Amri ya Shemwindo juu ya tumbo la bibi: kusoma tena hadisi ya Mwindo

Hadisi ya Mwindo ya Wanyanga wa Walikale inajulikana na watu wengi wa Kivu, hata wale wasiosikia kinyanga. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck aliipokea kinywani mwa Candi Rureke, aliyeiimba na kuicheza kwa siku 12. Mwaka 1969 yeye pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa kwetu na mtaalamu wa lugha, waliitosha katika kitabu. Tangu pale tunaisifu juu ya ushujaa: mutoto anayezaliwa akicheka, anayesema na kutembea siku ileile, anayeshinda baba yake na joka Kirimu. Sifa hizo ni za haki. Lakini kurasa za kwanza tunazipita mbio mno. Mbele ya vita yote, hadisi inaanza na tumbo la mwanamuke, na mwanaume anayefikiri anaweza kulitawala. Ni pale ninaomba tusimame kidogo.

Shemwindo, mwami wa Tubondo, ana bibi 7. Anawaambia wazae mabinti tu. Kama kijana anazaliwa, ni kifo. Wasomaji wengi wameona nyuma ya amri hii hesabu ya mali ya ndoa: binti analeta, kijana anatosha. Basi, muimbaji anafanya jambo moja la ujanja. Kisha tu ya amri, anatuonyesha mwami mwenyewe akikimbia nyumba kwa nyumba kupanda mbegu. Yaani mwenye kukataza ndiye mwenye kupanda! Rureke hakuhitaji maabara ili kutuchekesha hapo. Sayansi ilikuja kusema vilevile kwa lugha yake: tangu kazi za Nettie Stevens mwaka 1905 inajulikana kwamba mbegu ya baba ndiyo inachagua kijana ao binti. Mama anatoa kromozomu X kila mara. Baba anatoa X ao Y. Shemwindo alipaswa kujikataza yeye mwenyewe.

Leo amri imegeuka, lakini sauti ni ileile. Haisemi tena « zaa binti », inasema « zaa! ». Na miaka 2 ao 3 ikipita bila mimba, tunasikia nyumbani: « Sisi tulitosha ngombe zetu, huyu bibi hazale, tumurudishe kwabo. » Jina mugumba linabandikwa kwake peke yake. Bwana haulizwi kitu. Wengine wanatafuta mulozi, wengine wanataja laana ya wajomba, wengine wanamutafutia bwana bibi wa pili. Hakuna anayeuliza: ndani ya mwili kuna nini?

Tuulize basi. Binti anazaliwa na akiba yake yote ya mayai, kama milioni 1 mpaka 2. Akifika wakati wa kuona damu ya mwezi, amebaki na kama 300 000 ao 400 000. Akiba hiyo inapungua kila siku, na inaisha karibu na miaka 50. Lakini kuna wanawake ambao vifuko vyao vya mayai, ovari, vinachoka mbele ya miaka 40, wengine mbele ya 30, na wengine hawaoni damu hata mara moja. Zamani waganga walihesabu mwanamuke 1 kwa 100. Mwongozo wa kimataifa uliotoka mwaka 2024 unasema ni kama 3,5 kwa 100. Ndiyo kusema si ajabu ya kijiji kimoja. Katika kila soko la kwetu wapo.

Mara nyingi sababu haionekani. Lakini kati ya zile zinazojulikana, nyingine ziko katika urithi wa damu, katika jeni. Tutaje tatu.

Ya kwanza ni ugonjwa wa Turner, ulioelezwa mwaka 1938. Mwaka 1959 ilionekana kwamba binti huyo amekosa kromozomu X moja, nzima ao kipande. Unapata kama binti 1 kwa 2 000 ao 2 500. Kwa kawaida anabaki mufupi, na mayai yake yanaisha mapema sana, mara nyingi mbele ya kuvunja ungo. Hilo halitoki kwa tabia ya mama wala kwa kosa la ukoo. Ni ajali ya wakati wa kutungwa mimba.

Ya pili iko juu ya kromozomu X ileile, katika jeni inayoitwa FMR1, iliyogunduliwa mwaka 1991. Kuna kipande cha maandiko ya mwili kinachorudiliwa, sawa muimbaji anayerudia kiitikio. Kikirudiliwa mara 55 mpaka 200, mwenye nacho anaweza kuonekana muzima kabisa. Lakini kati ya wanawake 100 walio nacho, kama 20 mayai yao yanachoka mbele ya miaka 40. Na kikipitia kwa mama kinaweza kurefuka kupita 200. Hapo mutoto, zaidi sana kijana, anaweza kuwa na akili nzito. Kwa hiyo dada asiyezaa na mupwa asiyeshika masomo wanaweza kuwa na shina moja, nasi tunasema ni ulozi wa mara mbili.

Ya tatu ni jeni FOXL2, iliyojulikana mwaka 2001. Katika jamaa hizo watu wana macho membamba na kope zinazoanguka. Katika aina moja ya ugonjwa huo mabinti hawazai, lakini wanaume wanazaa vizuri, na ndio wanaoupitisha kwa watoto.

Angalia vizuri, ndugu musomaji. Kwetu tunapenda kusema « alirithi ugumba kwa mama yake ». Lakini baba mwenye badiliko la FMR1 anampa kila binti yake ile X, maana hana nyingine ya kuwapa. Na yeye aliipata kwa mama yake, ambaye anaweza kuwa aliwapa pia dada zake. Kumbe mutu wa kuulizwa kwanza anaweza kuwa shangazi! Kama shangazi aliacha kuona damu akiwa na miaka 35, hiyo si habari ya aibu ya kuficha jikoni. Ni habari ambayo muganga anaihitaji.

Na hapa hadisi inatusaidia kuliko tulivyofikiri. Nani anamwokoa Mwindo? Baba yake amemutupa mtoni ndani ya ngoma. Mutoto anamufuata Iyangura, shangazi yake, bibi ya Mukiti, nyoka wa maji. Iyangura anasimama katika hadisi kwa cheo chake cha shangazi, si kama mama wa fulani, na heshima yake ni kamili. Wanyanga walijua kwamba mwanamuke ana kazi katika ukoo kupita hesabu ya watoto. Tunapomuita mugumba « mutu bure », tunasema kinyume cha hadisi yetu wenyewe.

Hata hivyo sitaki kuisifu hadisi kwa yote. Ina kasoro mbili. Ya kwanza: bibi wote 7 wanashika mimba. Nyamwindo anachelewa tu, anabaki nyuma ya wenzake, na moyo wake unasumbuka. Kisha anazaa shujaa. Hivi muimbaji ananusa uchungu wa mwanamuke anayengojea, lakini anauponya kwa muujiza. Yule ambaye muujiza haumufikii hana nafasi katika wimbo. Ya pili: mwisho Shemwindo anakiri kosa lake mbele ya watu na kugawana utawala na mwana. Ni pazuri sana. Lakini maneno yanazunguka baba na mwana tu. Bibi waliopewa ile amri hawaombwi radhi. Wanaume wanapatana juu ya tumbo ambalo si lao.

Wengine watasema: « Unaleta mambo ya Wazungu ya jeni, wakati kwetu ugumba unatoka kwa magonjwa. » Wana sehemu ya haki. Uchunguzi wa hesabu ya watu wa 1955–1957 ulionyesha sehemu za Congo, kama Uele na Tshuapa, zenye wanawake wengi wasio na hata mutoto mmoja, na kisonono kilikuwa kati ya sababu kubwa. Maambukizo yanaziba mirija mpaka leo. Pia karibu nusu ya visa vya ndoa bila mutoto kuna tatizo kwa mwanaume, peke yake ao pamoja na bibi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema mutu 1 kwa 6 anakutana na shida hii katika maisha yake. Lakini hoja hiyo inazidi kuonyesha kwamba kumushitaki bibi bila kupima ni hukumu bila ushahidi.

Na kupima kuna faida hata pale ambapo mutoto hatapatikana. Ovari zikichoka mapema, mifupa inapungua nguvu na moyo unaingia hatarini. Homoni za dawa, zikifuatwa na muganga mpaka karibu na miaka 50, zinalinda mwili. Zaidi ya hayo, wanawake 5 mpaka 10 kwa 100 wenye tatizo hilo wanashika mimba wenyewe kisha ya kuambiwa. Kwa hiyo hata jina mugumba, kama neno la mwisho, linaweza kuwa uongo.

Mwisho wa hadisi, Mwindo akirudi kutoka juu mbinguni, anawapa watu sheria. Kati ya hizo, anakataza kumucheka kilema anayepita mujini, na anataka watu wazae warefu na wafupi pia. Tunazisoma kama mapambo ya mwisho. Mimi ninaziona kama jibu kwa amri ya baba yake: tumbo halipewi amri, linapokelewa na kile linacholeta. Tukienda kidogo mbele ya Mwindo, kuna kilema kisichoonekana, kilichomo ndani ya yai, na yule binti mufupi wa Turner naye anapita mujini kwetu. Wazee wanapokaa kusikiliza shauri la ndoa bila mutoto, wamuulize bwana, wamuulize shangazi, wawatume wote wawili kwa muganga. Mazungumzo ya ngombe yangojee.